Alifika Mwezi Gani?

Mwaka juzi, mwezi wa nane, nilikwenda Mokambo nikiwa na kazi yangu ya kumaliza masomo, ile tunayoiita TFC, imefungwa katika jalada la buluu. Nilikuwa nimepewa alama nzuri. Pamoja nayo nilibeba sura ya pili niliyokuwa nimeiandika upya kwa Kiswahili ili niilete katika jarida hili. Sura hiyo ilihusu maisha ya vijijini ya Walamba kabla ya migodi, na niliijenga karibu yote juu ya vitabu vya wasafiri wa Ulaya na vya watu waliowanukuu. Nilitaka nkambo wangu, yaani mama aliyemzaa mama yangu, aisikie, kwa sababu waliozungumziwa mle ni yeye na wazazi wake.

Aliketi kwenye mkeka akichambua maharagwe. Barabarani malori yalikuwa yamejipanga kungoja forodha, na kila lori liliposogea alininyamazisha kwa mkono mpaka kelele iishe. Nikafika mahali nilipopapenda kuliko pote. Nilikuwa nimeandika hivi: "Mlamba hupenda kukaa kuliko kulima. Mgeni apitaye kijijini humkuta kivulini na kibuyu cha pombe." Nilitazamia acheke au akasirike. Hakufanya moja wala jingine. Aliuliza:

"Ule muzungu alifikaka mwezi gani?"

Nikamwambia sijui. Vitabu nilivisoma maktabani, nikachukua sentensi, sikuchukua tarehe.

"Kama hauyue mwezi," akasema, "hauyue kintu."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile, na ni onyo kwa wenzangu ambao mwaka huu wanaandika kazi zao juu ya "maisha ya wazee wetu" kwa kutumia vitabu vilevile. Hoja yangu ni moja. Msafiri aliandika alichokiona siku aliyopita. Sisi tunaomnukuu tumeigeuza siku ile kuwa desturi ya mwaka mzima na ya karne nzima. Kosa kubwa zaidi limo katika kalamu zetu kuliko katika yake.

Kwanza nieleze alichonisimulia jioni ile, kwa kuwa wengi wetu tumekulia Lubumbashi na mahindi tunayajua kwa kuyaona sokoni. Katika nchi ya Walamba, upande huu wa mpaka na upande wa pili kuelekea Mufulira, mvua huanza karibu na mwezi wa kumi na moja na hukatika mwezi wa nne. Zamani za wazazi wake, chakula kikuu kilikuwa mtama. Mavuno yalikuja mvua ikishakatika, mwezi wa tano na wa sita. Baada ya hapo wanaume walipanda miti na kukata matawi, wakayaacha yakauke, na karibu na mvua za kwanza wakayachoma ili majivu yarutubishe udongo. Mvua ikianza, kila mwenye mkono alikuwa shambani, kupanda na kupalilia na kufukuza wanyama. Mwezi wa kwanza na wa pili ghala lilikuwa limebaki vumbi na mtama mpya bado mbichi. Watu waliishi kwa uyoga, majani ya maboga na vya porini, wakikaza mikanda hadi mavuno.

Kwa hiyo palikuwa na miezi ya jembe, miezi ya njaa, na miezi ya kiangazi ambayo mavuno yamo ghalani. Miezi hiyo ya mwisho ndiyo ya kujenga nyumba, kuoa, kutembelea ndugu, kuwinda, kufanya biashara ya chumvi, kumaliza kesi, na kunywa pombe ya mtama mpya. Katika nchi za shaba za Katanga hata mafundi waliofua ile misalaba inayojulikana duniani kote walifanya kazi hiyo kiangazi, kazi ya shamba ilipokwisha.

Sasa jiulize: msafiri wa Ulaya alipenda kusafiri lini? Mtu mwenye mizigo mamia, asiyetaka baruti yake ilowe wala mito imzuie, husubiri njia ikauke. Anafika kijijini mwezi wa saba au wa nane. Anawakuta wazee kivulini, vijana wakicheza ngoma, kibuyu kikizunguka. Haandiki uongo. Anaandika mwezi wa nane. Kesho yake anaondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msafiri wetu hakufika siku ya tatu, basi jembe hakulishika wala hakuliona.

Na yule aliyefika masika je? Huyo naye tunaye. David Livingstone alitumia miezi yake ya mwisho, tangu mwanzo wa mwaka 1873, akihangaika kando ya ziwa Bangweulu, ng'ambo ya ile ncha ya ardhi ya Kongo inayochomoza ndani ya Zambia na ambayo Mokambo imesimama kwenye shina lake. Ilikuwa masika na mafuriko. Alitembea majini, akabebwa akiwa mgonjwa, na tarehe 1 Mei 1873 akafa katika kijiji cha Chitambo. Shajara yake ya mwisho, iliyotolewa London mwaka 1874, imejaa mvua, matope na kinamasi kisicho na mwisho. Kwa wasomaji wengi wa Ulaya, Bangweulu ikawa jina la mateso. Lakini nenda huko mwezi wa tisa. Maji yamejivuta, nyika imekauka, wavuvi wamepiga kambi na samaki wanaanikwa juani. Livingstone hakusingizia. Alifika mwezi wa kwanza.

Mfano wa pili uko ndani ya jimbo letu la zamani. Msafara wa Kapteni Stairs ulifika Bunkeya, mji wa Msiri, katikati ya Desemba 1891, na tarehe 20 Desemba Msiri akapigwa risasi na Kapteni Bodson, ambaye naye alikufa kwa majeraha ya siku hiyo. Joseph Moloney, daktari wa msafara, alitoa kitabu chake mwaka 1893. Anayekisoma anakutana na nchi yenye njaa kali, na wapagazi kutoka pwani ya Uswahilini wakifa mmoja baada ya mwingine. Njaa ilikuwa ya kweli. Lakini ongeza mambo mawili ambayo msomaji wa mbali hayaoni. Wasanga walikuwa wameasi dhidi ya Msiri na nchi ilikuwa vitani, kisha mauaji yenyewe yakawatawanya watu. Na Desemba hadi Februari ndiyo miezi ambayo, hata katika mwaka wa amani, ghala linakaribia kuisha. Ukinukuu njaa hiyo na kuandika kwamba watu wa Katanga "waliishi kwa njaa", umechukua miezi mibaya kuliko yote ya mwaka mbaya kuliko yote, ukaifanya historia.

Angalia basi tulivyonaswa. Aliyepita kiangazi ametuachia uvivu, aliyepita masika ametuachia njaa. Ukiviweka vitabu viwili hivyo pamoja bila kalenda, unapata hadithi moja inayoelekea kuwa na mantiki: hawalimi, ndiyo maana wana njaa. Hadithi hiyo niliandika mimi, mjukuu wa mkulima, na nikapongezwa.

Jambo hili halikuipata Afrika peke yake. Mwaka 1878 Mwingereza Isabella Bird alisafiri kwa farasi katika vijiji vya kaskazini mwa Japani, akiwa na mkalimani kijana aitwaye Ito. Kitabu chake kilitoka mwaka 1880 na hadi leo kinasomwa. Alipita kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, wakati wa mvua na joto la kiangazi cha kwao. Akaandika matope, viroboto katika nyumba za wageni, wakulima walio karibu uchi, watoto wenye magonjwa ya ngozi. Wajapani wangeweza kukasirika na kukifungia kabatini. Wangeweza pia kukinukuu kama Biblia ya maisha ya wazee wao. Miyamoto Tsuneichi, mtafiti aliyetembea vijiji vya nchi yake kwa miguu miaka mingi, alifanya jambo la tatu. Alikisoma kitabu hicho pamoja na wasikilizaji wake kipande kwa kipande, akiweka kando ya kila alichokiona mgeni yale aliyoyajua mwenyewe kuhusu mashamba, nguo, nyumba na mila za vijiji vile. Mgeni alileta macho yaliyoshangaa mambo ambayo mwenyeji hayaandiki kwa sababu ameyazoea. Mwenyeji akaleta sababu. Kimoja bila kingine ni nusu.

Sisi Walamba tulikosa Miyamoto wetu, na upungufu huo ulikuwa na gharama. Neno "mvivu" halikubaki vitabuni. Mwaka 1906 Union Minière ilianzishwa, mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba, na baadaye migodi ya upande wa pili wa mpaka, Mufulira na mingine, ikafunguliwa. Migodi ilitaka mikono. Walamba walikuwa jirani, lakini wengi wao hawakuandikishwa kazi. Brian Siegel, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1989 sura nzima juu ya sifa mbili walizobandikwa, upori na uvivu, na akaonyesha kilichokuwa nyuma yake. Watu hawa waliona kwamba mji wa migodi unakula, nao wanacho cha kuuza. Mwenye nafaka ya kuuza alipata fedha ya kodi bila kwenda mgodini. Kwa mtafuta vibarua, mtu anayelima badala ya kuja kwake ni mvivu. Yaani waliitwa wavivu kwa sababu walikuwa shambani! Na mtu huyo mwenye kutafuta vibarua hakuhitaji kubuni tusi jipya, alilikuta limekwisha andaliwa na wapita njia.

Mpaka leo utalisikia Lubumbashi. Mtu anatania tu kwenye basi: "We Mulamba, weye ni wa kuikala tu." Nilipokuwa mdogo nilicheka pamoja na wengine.

Sasa niingie katika jambo linalotuhusu sisi wa kitivo cha lugha, kwa kuwa mwanahistoria anaweza kutafuta tarehe lakini sisi ndio tunaoshika vitenzi. Rudi kwenye sentensi yangu: "Mlamba hupenda kukaa." Tazama kiambishi "hu-". Tulifundishwa kwamba kinaonyesha mazoea. Lakini tazama kinachokosekana. Mimi huenda, wewe huenda, wao huenda: nafsi imeondoka ndani ya kitenzi. Na huenda lini? Wakati nao umeondoka. Ni kiambishi kizuri kwa mvua na kwa jua, na mwenyewe nimekitumia juu kidogo niliposema mvua huanza mwezi wa kumi na moja. Mvua inastahili "hu-", maana imerudi mwaka baada ya mwaka na mashahidi ni wengi. Lakini mtu mmoja aliyekaa kivulini alasiri moja ya kiangazi hastahili "hu-". Anastahili "-li-": alikuwa amekaa. Na "-li-" inakulazimisha kuuliza alikuwa nani, na siku gani.

Vitabu vingi vya wasafiri, kwa Kiingereza na Kifaransa, vinasimulia safari kwa wakati uliopita: tulifika, tulivuka, nilimwona chifu. Halafu inafika aya ya "tabia za wenyeji" na kitenzi kinageuka kuwa cha wakati uliopo usio na mwisho: wanapenda, wanaamini, wanakula. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti wake hapa Katanga na kuandika sana juu ya Kiswahili chetu, alilitolea jambo hilo kitabu kizima mwaka 1983: namna mwandishi anavyomweka mwenzake katika wakati mwingine, kana kwamba hawakuketi pamoja chini ya mti mmoja. Sisi tunapotafsiri aya hiyo kwa Kiswahili sanifu, "hu-" inatujia yenyewe kwenye kalamu, na kufuli linafungwa mara ya pili.

Kiswahili tunachozungumza nyumbani hakitumii "hu-" hiyo. Nkambo angesema "banalimaka". Mazoea yamo, katika "-ka" ya mwisho, lakini "ba-" imebaki mbele: wao, watu fulani, unaoweza kuuliza ni akina nani. Sisemi tuandike kazi zetu zote kwa Kiswahili cha mtaani. Nasema sarufi ya bibi yangu ilimlinda na kosa ambalo sarufi yangu ya shule ilinisukumia.

Kuna na mdomo. Msafiri hakujua Kilamba. Alikuwa na mkalimani, na mara nyingi mkalimani huyo alitoka pwani au alijua Kiswahili cha misafara. Swali lilitoka katika Kiingereza, likapita katika Kiswahili, likafika katika Kilamba, na jibu likarudi njia ileile. Fikiria kitenzi kimoja tu, "kukaa". Kwa Kiswahili kukaa ni kuketi, na kukaa ni kuishi mahali. Kilamba na Kibemba vina "ukwikala" yenye maana hizohizo mbili, na kutoka huko sisi wa Katanga tuna "kuikala". Mgeni anauliza watu hawa wanafanya nini hapa. Anajibiwa: wanakaa. Mwenyeji amesema hapa ni kwao. Je, katika daftari imeingia nini? Sina ushahidi kwamba ilitokea katika kitabu hiki au kile, nami nisirudie kosa langu kwa kuligeuza wazo kuwa habari. Lakini anayesoma vitabu hivyo bila kufikiria njia ambayo neno lilipita amesahau amesomea nini.

Wapo wenzangu wanaosema, kama ni hivyo, vitabu hivi tuvitupe. Nawapinga vilevile. Clement Doke alifika kwa Walamba wa upande wa pili kama mmisionari mwaka 1914, akiwa kijana. Alikaa Kafulafuta miaka kadhaa, akajifunza lugha, na baadaye akawa profesa wa lugha za Kibantu huko Witwatersrand. Mwaka 1927 alitoa mkusanyo wa hadithi na methali za Kilamba, na mwaka 1931 kitabu juu ya mila zao. Ana makosa ya watu wa zama zake na wa kazi yake. Lakini alipewa jembe siku ya tatu, kama naweza kusema hivyo. Alizijua masika na viangazi kwa zamu, na hadithi alizipokea kwa lugha yenyewe, bila mkalimani. Tofauti kati yake na mpita njia si ya moyo mwema na moyo mbaya. Ni ya miezi na ya masikio.

Wala kosa hili si la rangi. Mwaka 1896 Mswahili Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na habari za safari yake zilichapishwa kwa Kiswahili katika mkusanyo wa Carl Velten mwaka 1901. Ni fahari yetu kuwa nayo. Hata hivyo Salim naye alikuwa mpita njia, alipita alipopitishwa na bwana wake, na aliona kilichoonekana barabarani. Mrusi wa kijijini akitaka kujua bibi zake waliishi vipi asome Salim, kisha aulize swali la nkambo wangu.

Na tusisahau kwamba hata ndani ya vitabu vya wageni watu wetu wamo. Livingstone alipokufa, Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kisha Susi na Chuma wakapelekwa Uingereza, na mhariri Horace Waller aliandika sehemu ya mwisho ya shajara ile kwa kuwauliza wao. Kurasa za mwisho za kitabu mashuhuri cha msafiri wa Ulaya zilitoka katika vinywa vya wapagazi wake. Katika orodha zetu za marejeo tunaandika "Livingstone, 1874" na tunasonga mbele.

Ninapendekeza nini basi? Mambo matatu, yasiyohitaji fedha. La kwanza: kila anayenukuu kitabu cha safari aandike, kando ya jina na mwaka wa kuchapishwa, mwezi ambao mwandishi alikuwa mahali pale, siku alizokaa, na lugha aliyotumia kuuliza. Mara nyingi tarehe zimo humohumo kitabuni, maana wasafiri walipenda shajara. Ni sisi tunaozikata tunaponukuu. La pili: tunapotafsiri, tuulize kila "hu-" ina mashahidi wangapi. Kama ni mmoja na siku yake moja, turudishe "-li-". La tatu: sura yoyote juu ya maisha ya kijijini isomwe kwa sauti mbele ya mkulima mmoja mzee kabla haijafungwa jalada, na maneno yake yaingie katika kazi kwa jina kama anaruhusu, yakiwa na uzito sawa na ya mwenye kitabu. Naye aulizwe swali lilelile, kwa maana wazee nao wanasahau, na wanapenda kusifia ujana wao.

Mji wetu ulikwisha kutoa mfano. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha hapahapa, kwa macho ya watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu, waliowaona mabwana zao asubuhi na usiku, mwaka mzima. Huyo hakuwa mpita njia. Vijiji vya mpakani havijapata Yav wao, na wanaoweza kumsaidia kuandika wanazidi kupungua.

Nimebakiza ungamo moja. Baada ya jioni ile nilijiuliza kwa nini niliiamini sentensi ya uvivu upesi hivyo, mimi ambaye nina damu ya watu hao. Jibu lilinichukua wiki. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi. Mokambo nilipelekwa likizo kubwa tu, na likizo kubwa huanguka mwezi wa saba na wa nane. Kila mwaka nilimkuta nkambo kwenye mkeka, wajomba kivulini, kibuyu kikizunguka. Mwezi wa kumi na moja, alipokuwa ameinama shambani mvua ikimnyeshea mgongoni, mimi nilikuwa darasani. Nilipokutana na maneno ya wasafiri maktabani niliyaona ya kweli kwa sababu yalilingana na macho yangu. Mimi pia nilifika mwezi wa nane.

Likizo hiyo nilianza kumrekodi kwa simu. Nilimwomba anipitishe mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, kama mama yake alivyomfundisha. Alianza na mvua za kwanza, akaenda polepole, akiimba kidogo hapa na pale. Tulipofika mwezi wa tano nikapata habari kwamba gari la kurudi Lubumbashi linaondoka, nikamwambia tutamalizia likizo ijayo. Alifariki mwezi wa pili uliofuata. Nina dakika 41 za sauti yake, kuanzia mbegu hadi mwanzo wa mavuno. Kiangazi chake, miezi ile hasa ambayo wasafiri waliiandika na mimi nikaikariri, sinacho.

Sura ya pili sikuileta hapa. TFC yenyewe ingali maktabani na jalada lake la buluu, na mtu anaweza kuinukuu kesho, kwa hiyo nimeomba ruhusa ya kubandika karatasi moja kwenye ukurasa wenye sentensi ile. Bado sijajibiwa. Huko Mokambo yupo rafiki ya nkambo, waliolima bega kwa bega, ambaye amekubali kunimalizia miezi iliyobaki. Amenipa sharti: nisiende likizo. Niende mwezi wa kumi na moja, na jembe nije nalo mwenyewe, kwa sababu la kwake ni moja tu na atakuwa analitumia.